Kapedo Imeenda Wapi?

Ukiingia duka la vifaa vya stima mjini Lodwar, kaunti ya Turkana, utaulizwa kwanza unataka inchi ngapi. Kisha mtazungumza bei. Kisha mwenye duka atataka kujua kama utaibeba kwa pikipiki au umekuja na gari. Kwa muda wote niliofundisha kompyuta kule, nikizunguka na begi la nyaya baina ya Lodwar na Kakuma, sikuwahi kumsikia mnunuzi akiuliza televisheni ina nukta ngapi. Simlaumu. Inchi unaweza kuzipima kwa futi kamba ya fundi cherehani. Nukta huzikumbuki mpaka siku utakapounganisha laptopu, ufungue jedwali lenye herufi ndogo, na watu wa safu ya tatu waanze kufinya macho.

Nukta hizo, ambazo mafundi huziita pikseli, ndizo televisheni yenyewe. Kioo cha inchi 32 cha bei ya chini, kile ambacho katoni yake imeandikwa HD tu, mara nyingi kina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Kile cha Full HD kina 1920 kwa 1080. Vile vikubwa vya 4K vina 3840 kwa 2160. Idadi hiyo hupangwa kiwandani na haibadiliki tena. Ukiipelekea televisheni picha yenye idadi nyingine, kwa kawaida haitaikataa, bali itabuni. Itachukua nukta moja ya laptopu na kuitandaza juu ya moja na kidogo ya kwake, na hicho "kidogo" ndicho ukungu unaouona pembeni mwa herufi. Kwenye sinema huenda usigundue. Kwenye bajeti ya kaunti utagundua, hasa kama unatafuta tofauti ya 3 na 8.

Haja ya kuunganisha laptopu na televisheni huko Turkana ni kubwa kuliko mtu wa Nairobi anavyodhani, kwa sababu projekta haipapendi. Joto la mchana Lodwar hufika nyuzi 35 na kupita, vumbi huingia hata kwenye begi lililofungwa zipu, na mwanga unaopenya kwenye matundu ya hewa huifuta picha yoyote iliyorushwa ukutani. Taa ya projekta ikiungua, mtu huanza kupiga simu Eldoret. Basi shule, makanisa, vituo vya vijana na ofisi zikahamia kwenye televisheni za ukutani, na kila aliyejua kidogo kuhusu kompyuta akageuka fundi wa picha bila kuombwa.

Kakuma yenyewe ilikuwa na historia ndefu ya skrini kabla yangu. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana waliokuwa wakikimbia vita vya Sudan, na kuanzia 2001 shirika la FilmAid lilionyesha filamu kwenye skrini kubwa za nje, watu wakiwa wameketi mchangani. Maonyesho yalisubiri jua litue. Ratiba iliamuliwa na jua, si na mtu wa ofisi. Vibanda vya video navyo vikachipuka: mabati, mabenchi, waya wa stima kutoka kwa jenereta ya jirani, ligi ya Uingereza wikendi na filamu za Kihindi au za Nigeria katikati ya wiki. Mwenye kibanda aliijua televisheni yake kwa kila upande isipokuwa menyu.

Agosti 2016 nilikuwa na video za Olimpiki ya Rio kwenye flashi. Mwaka huo ndio kulikuwa na timu ya kwanza ya wakimbizi, wanamichezo 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma: Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, Yiech Pur Biel, James Nyang Chiengjiek na Paulo Amotun Lokoro. Rose ndiye aliyebeba bendera siku ya ufunguzi. Unaweza kufikiria jinsi kituo kimoja cha vijana kilivyojaa nilipoombwa kuzionyesha. Laptopu iliyokuwapo ilikuwa ya zamani, ya skrini inayokaribia mraba, nukta 1024 kwa 768. Televisheni ilikuwa pana. Ilipopokea picha ile, ikaivuta kushoto na kulia mpaka ikajaa.

Wakimbiaji wakatokea wafupi na wanene. Ukumbi ulijaa Wanuer na Wadinka, vijana ambao hulazimika kuinama mlangoni, na hapo mbele yao ndugu zao walikuwa wamefutuka mashavu na miguu. Kilianza kicheko cha nyuma, kikasonga mbele. Msichana mmoja akauliza kwa sauti, "Kumbe huko Rio watu hulishwa hivi?" Mbio za mita 800 zilikwisha kabla kicheko hakijaisha.

Tiba yake ilikuwa ndogo. Kwenye Windows unabonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P, na yanatokea machaguo manne. Wengi huchagua Duplicate, ili wanachokiona wao kwenye laptopu ndicho wakione watu kwenye televisheni. Ni chaguo la adabu, lakini lina gharama: vyombo viwili vinalazimika kukubaliana idadi moja ya nukta, na kwa kawaida anayeshinda ni mdogo. Ukichagua Second screen only, laptopu inazima kioo chake na kuzungumza na televisheni peke yake, kwa idadi ya televisheni. Unapoteza starehe ya kutazama chini kwenye magoti yako, unapata picha iliyonyooka. Kama ni lazima uone vioo vyote viwili, Extend ni bora, maana kila kimoja kinabaki na nukta zake. Shida ni kwamba mwalimu mgeni atatafuta mshale wa kipanya kwa dakika nzima, akiwa ameupeleka ukutani bila kujua.

Tangu wakati ule nilikuwa natembea na picha niliyoichora mwenyewe kwa programu ya Paint: mandhari nyeupe, mstari mwembamba mwekundu ukipita kwenye kingo zote nne, na duara moja kubwa katikati. Kabla ya kazi yoyote niliifungua ijaze skrini. Duara likiwa duara, umbo ni sawa. Mistari minne ikionekana yote, hakuna kilichokatwa. Mstari ukiwa na ukungu, nukta hazijalingana. Picha hiyo iliniokolea maneno mengi. Siku moja huko Kanamkemer, pale Lodwar, mzee aliyekuja kumtazama mjukuu wake akifanya zoezi la kompyuta alilitazama duara lililovutwa kando likawa yai, akaniambia, "Mwalimu, boma lako limelaliwa na ngamia." Sikupata maelezo mengine mazuri zaidi ya hayo, na wanafunzi wakayachukua. Ikawa picha ikipanuka, wanasema ngamia amelala.

Sasa, laptopu inajuaje televisheni ina nukta ngapi? Haikisii. Unapochomeka waya wa HDMI, televisheni hujitambulisha: hupeleka maelezo mafupi yanayoitwa EDID, utaratibu uliowekwa mwaka 1994 na chama cha watengenezaji kiitwacho VESA. Sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu. Ndani yake mna jina la mtengenezaji, ukubwa wa kioo, na idadi za nukta ambazo televisheni iko tayari kuzipokea. Ndiyo maana Windows huandika Recommended kando ya idadi moja kwenye orodha. Hiyo si hekima ya Windows. Ni televisheni imesema, nayo imeamini.

Na televisheni nyingine husema uongo. Za bei ya chini huweza kubeba maelezo yaliyonakiliwa kutoka modeli nyingine, au hutangaza kila zinachoweza kupokea kana kwamba ndicho zilicho nacho. Nimekaa mbele ya kioo cha inchi 32 chenye nukta 1366 kwa 768 ambacho kilijitangaza kuwa cha 1920 kwa 1080. Laptopu ikatii, ikapeleka nukta milioni mbili na zaidi, na kioo chenye milioni moja na kidogo kikazibana ziingie. Herufi zikawa nyembamba na zenye kukatika. Mwenye televisheni alikuwa amekwisha kuamua kwamba macho yake ndiyo yameharibika. Kwenye kioo cha namna hiyo napendelea kushuka hadi 1280 kwa 720, herufi zinenepe, au kujaribu 1360 kwa 768 kama orodha inaikubali. Idadi hii ya 1360 huwashangaza watu, kwa kuwa kioo ni cha 1366. Utaratibu wa EDID una mahali ambapo upana huandikwa kwa vipande vya nane nane, na 1366 haigawanyiki kwa nane. Kwa hiyo nukta sita zinaachwa, na sijamsikia mtu Turkana akizidai.

Stima ndiyo iliyonifundisha mengine. Lodwar kwa miaka mingi iliwashwa na jenereta za dizeli za Kenya Power, nje ya gridi ya taifa. Mitambo ya upepo iitwayo ya Ziwa Turkana, 365 kwa idadi na megawati 310 kwa nguvu, ipo ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, na laini yake kubwa inakwenda Suswa. Jina tulibaki nalo sisi. Kakuma stima ilikuwa ya wafanyabiashara wenye jenereta, nyaya zikipita juu ya vichochoro, mpaka mitambo midogo ya jua ilipoanza kuingia makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei na kambini. Mahali kama hapo stima hukatika katikati ya neno.

Inapokatika, laptopu hubaki hai kwa betri yake, na televisheni inakufa. Laptopu inaona mwenzake ametoweka, inajipanga upya. Stima ikirudi, televisheni huchukua muda kuamka. Katika muda huo laptopu inauliza "wewe ni nani?" na haipati jibu, au hupata nusu ya jibu, basi inashuka kwenye idadi ya chini kabisa inayodhani itakubalika popote. Ndipo unaposikia watu wakisema stima imeharibu tivi. Haijaharibu kitu. Desturi niliyowaachia wanafunzi ni hii: televisheni iwashwe kwanza na iwekwe kwenye tundu la HDMI linalotumika, laptopu ifuate. Stima ikikatika na kurudi, subiri televisheni iamke sawasawa, kisha chomoa waya wa HDMI na uuchomeke tena ili wasalimiane upya.

Usiku wa tarehe 20 Julai 2024 desturi hiyo ilifanya kazi yake pale Kakuma. Sudan Kusini walikuwa London wakicheza mpira wa kikapu na Marekani kabla ya Olimpiki ya Paris, na hakuna aliyetegemea ushindani; watu walikuja kutazama vijana wao wakipata heshima ya kufungwa na LeBron James. Picha ilitoka kwenye intaneti ya simu, ikaingia laptopu, ikaenda kwenye televisheni. Kufika robo ya mwisho hakuna aliyekuwa ameketi. Jenereta ikazima. Iliporudi, laptopu ilikuwa imeshuka kwenye 800 kwa 600, dirisha limekuwa kubwa kuliko kioo, na mahali penye matokeo palikuwa nje ya picha. Mpira unaonekana, pointi hazionekani. Makelele niliyoyasikia hapo siwezi kuyaandika. Kijana mmoja, wala sijui kama aliwahi kukaa darasani kwangu, alipenya katikati ya watu, akachomoa waya na kuuchomeka. Ikasomeka: Sudan Kusini 100, Marekani 99. Zilikuwa zimebaki sekunde chache. LeBron alifunga, ikawa 101 kwa 100, na watu wakaenda kulala wakiwa wamefungwa na wakiwa na furaha isiyo ya kawaida.

Kuna mambo mengine nitayapita haraka. Waya wa HDMI mrefu na mwembamba, uliopitishwa juu ya dari ya kanisa kutoka madhabahuni hadi mlangoni, unaweza kushindwa kubeba 1920 kwa 1080 na kuanza kumeta vidoti vyeupe, ilhali 1280 kwa 720 unaibeba bila taabu. Mtu hununua televisheni mpya wakati dawa ni waya mfupi. Laptopu iliyopata joto hupunguza kasi ili isiungue, video ikaanza kukwama, na watu wakalaumu picha. Waya wa VGA, ule wa buluu wenye pini 15, haubebi sauti hata ukiubembeleza.

Ila ile ya 4K nitaisimulia kidogo. Ofisi moja ya Lodwar ilinunua televisheni ya inchi 55, na mkubwa wa ofisi alitaka nukta zake zote 3840 kwa 2160 zifanye kazi, kwa kuwa alizilipia. Laptopu ilikuwa ya miaka kadhaa, na HDMI yake ilikuwa na uwezo wa kupeleka idadi hiyo mara 30 tu kwa sekunde. Mshale wa kipanya ukawa unaburuta miguu, na herufi zikawa ndogo hata yeye mwenyewe alilazimika kusimama ili asome ajenda. Nilimshauri ashuke hadi 1920 kwa 1080 kwa mara 60 kwa sekunde. Idadi hiyo ni nusu kamili kwa kila upande, kwa hiyo kila nukta ya laptopu inapewa nne za televisheni bila kubuni chochote. Alikubali kwa shingo upande. Baadaye niligundua alikuwa anachomeka flashi yenye video za 4K moja kwa moja kwenye televisheni, jioni, akiwa peke yake, apate haki yake.

Nije kwenye kingo, ambako nimekuwa nikielekea muda wote huu.

Televisheni za zamani, zile zenye mgongo, hazikuwa na ukingo wa kuaminika. Picha ilichorwa ndani ya kioo na miale, na stima ikipanda au kushuka, au chombo kikizeeka, picha nayo ilivimba au kusinyaa. Ili mtazamaji asione mpaka mweusi ukichezacheza, watengenezaji waliifanya picha iwe kubwa kuliko kioo, pembe zake zikajificha nyuma ya fremu. Watu wa studio walilijua hilo, wakajifunza kutoweka maneno karibu na ukingo. Jina la msomaji wa habari, matokeo ya mechi, saa, vyote vilisogezwa ndani kidogo. Kenya iliendelea na matangazo ya analogi mpaka uhamaji wa dijitali ulipokamilika mwaka 2015, na vioo bapa vilikuwa vimekwisha kuingia majumbani. Vioo bapa havina miale wala kusinyaa. Lakini ukataji uliendelea kwa mazoea. Televisheni nyingi, zikitoka dukani, hukata asilimia mbili hadi tano kila upande wa picha, kisha huivuta iliyobaki ijaze kioo.

Hapo unapata hasara mbili kwa mpigo. Hata ukipeleka 1920 kwa 1080 kwenye kioo cha 1920 kwa 1080, nukta hazilingani tena, ukungu unarudi, na mtu anabadilisha namba kwenye laptopu mchana kutwa bila kupona, maana ugonjwa hauko kwenye laptopu. Halafu kuna kilichokatwa. Watu wa televisheni huacha ukingo mtupu. Watu wa kompyuta hawajawahi kusikia habari hiyo: wao kitufe cha Start wamekiweka ukingo wa chini, saa kona ya chini, alama ya kufunga dirisha kona ya juu. Kila walichokiona cha lazima wamekisukuma pembeni. Vyombo viwili vikikutana, wa kwanza anatupa kile ambacho wa pili anakitegemea. Nimeulizwa mara nyingi kama ni virusi vilivyokula Start.

Kakuma waliokatwa zaidi walikuwa wasomaji wa maandishi ya chini ya filamu. Kambi ile ina Kiswahili, Kisomali, Kiarabu cha Juba, Kiamhari, Kifaransa, Kirundi na nyingine nyingi, na filamu moja haiwezi kuzisema zote, kwa hiyo maandishi ya chini ndiyo mlango. Yanapochorwa na programu ya laptopu, hukaa chini kabisa ya picha. Mstari wa kwanza ulionekana, wa pili ulikatwa kiunoni. Kulikuwa na mama kutoka Bukavu aliyezoea kuyasoma maandishi ya Kifaransa na kuwatafsiria majirani zake wa benchi kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini lakini yenye madoido, akiongeza na maoni yake. Kila ulipofika mstari wa pili alinyamaza. Mwishowe akageuka. "Mwalimu, banakata maneno ya chini." Benchi zima likanitazama kama mimi ndiye niliyemziba mdomo.

Dawa ya kukata haiko kwenye laptopu, iko kwenye rimoti. Kwenye menyu ya picha, sehemu ya ukubwa au umbo, televisheni za LG huandika Just Scan, za Sony Full Pixel, za Samsung Screen Fit au maneno ya jamii hiyo, nyingine huandika Dot by Dot au 1:1. Nyingine hazionyeshi chaguo hilo kabisa mpaka ulibadilishe jina la tundu la HDMI liitwe PC, ndipo zinapoelewa kwamba mgeni si king'amuzi. Kuna programu za kadi ya picha ambazo hupunguza picha kwenye laptopu ili iingie ndani ya eneo lisilokatwa. Mimi siipendi njia hiyo. Unarudisha Start, lakini umeibana picha ili televisheni iivute tena, na herufi zinalipa mara mbili. Itumie tu kama rimoti imepotea, na kule rimoti hupotea.

Ukingo ni jambo zito Turkana. Serikali ya kikoloni iliyaona maeneo yale kuwa mwisho wa dunia, ikayatumia hivyo: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha mwaka 1959 akahamishiwa kizuizini Lodwar, ambako alikaa mpaka 1961. Watu waliozaliwa mahali ambapo wengine waliletwa ili wasahaulike wana jicho kali sana kwa ramani.

Nililiona jicho hilo kwenye mkutano wa wananchi ndani ya ukumbi mmoja wa Lodwar. Jambo lenyewe lilikuwa la mipango, visima na barabara. Kijana wa ofisi aliunganisha laptopu na televisheni kubwa, akafungua ramani ya kaunti iliyojaza skrini kuanzia juu hadi chini. Ilikuwa ramani nzuri, rangi zimetulia, idadi ya nukta sahihi kabisa kwenye laptopu. Akaanza kueleza. Mzee mmoja kutoka Turkana Mashariki alisimama kabla ya sentensi ya pili.

"Kijana wangu, Kapedo imeenda wapi?"

Kapedo iko kusini kabisa, kwenye mpaka unaobishaniwa na Baringo, na watu wamekufa kwa ajili yake. Chini ya ramani, mahali ilipopaswa kuandikwa, palikuwa na fremu nyeusi ya televisheni. Kijana hakuwa amemjibu alipoinuka mwingine, wa upande wa Kibish, huko juu kabisa kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini. Kibish nayo haikuwapo. Ukumbi ukaanza kuvuma. Televisheni ilikuwa imekata juu na chini kwa usawa, bila ubaguzi, na kwa bahati mbaya juu na chini ndiko kwenye mipaka yenye maneno.

"Samahani, Mzee, iko," kijana akasema, akaiinua laptopu na kuwageuzia. "Tazameni. Kapedo hii hapa. Kibish hii hapa."

Mzee wa Turkana Mashariki alisogea, akainama, akatazama kwa muda. Kisha akanyooka, akawageukia wenzake.

"Kwenye yao iko," akasema. "Kwenye yetu haiko."

Baada ya hapo hakuna maelezo ya kiufundi ambayo yangesaidia, na kijana alijaribu. Nilikwenda nyuma ya televisheni. Rimoti ilikuwa kwenye droo iliyofungwa, na mwenye ufunguo alikuwa amesafiri. Chini ya kioo, kwa kupapasa, kulikuwa na kitufe kimoja kinachosukumwa pande nne, na kwa kitufe hicho unaweza kuifikia menyu kama una subira na watu wanakuvumilia. Nikaingia sehemu ya picha, nikateremka hadi ukubwa, nikachagua ile ya nukta kwa nukta. Ramani ikaruka kidogo na kujikusanya. Juu ikaingia Kibish. Chini ikaingia Kapedo, na herufi zote za katikati zikapata makali ambayo hazikuwa nayo.

"Ejok," mzee akasema, yaani vizuri, lakini hakurudi kuketi. Kwa kuwa sasa majina yalisomeka, alitaka kuyasoma yote. Akapanda hadi kwenye skrini, akaweka fimbo yake juu ya kisima kimoja na kusema kwamba kimechorwa upande usio wake wa lagga, ule mto wa msimu. Mzee wa Kibish akamwambia kisima hicho kilikauka zamani, kilichopo ni kingine. Mama mmoja wa Kakuma akauliza kwa nini barabara ya kwenda kwao imechorwa kupita mahali ambapo mto Tarach huimeza kila mvua zikinyesha. Kijana wa ofisi akaiacha laptopu, akatafuta daftari, akaanza kuandika marekebisho kwa mkono, na chakula cha mchana tulikila saa kumi.